Oda isirudi kwa mteja: jedwali la anwani katika seva ya barua pepe

MISUNGWI

Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 19, 2025, lori la mchele au la pamba linalovuka Ghuba ya Mwanza halisubiri tena kivuko. Hata hivyo, oda iliyotumwa kwa barua pepe bado inaweza kurudishwa kwa mteja kabla ya kufika ofisini, na mwenye biashara asijue kamwe kuwa kulikuwa na oda.

Moja ya sababu za hasara hiyo ni faili dogo ambalo wafanyabiashara wengi hawajapata kulisikia. Ni jedwali la anwani lililomo ndani ya seva ya barua pepe. Kampuni inayolipia jina lake la mtandao lenye kuishia na .co.tz inalitegemea jedwali hilo kila siku, iwe inamiliki seva au imekodi.

KAZI YA JEDWALI

Barua inapofika, seva hutafuta majibu ya maswali mawili. Kwanza, je, jina lililo baada ya alama ya @ ni la kampuni inayohudumiwa hapa? Pili, je, mwenye anwani yupo, na barua yake iwekwe katika sanduku gani?

Majibu hayo yamo katika orodha yenye safu mbili. Safu ya kwanza huitwa ufunguo, yaani kile kinachotafutwa. Ya pili huitwa thamani, yaani jibu lake. Kwa mfano, anwani ya "mauzo" ni ufunguo, na sanduku la karani wa mauzo ni thamani.

Utaratibu huu si mgeni. Mteja anayetoa fedha kwa M-Pesa huingiza namba ya wakala, na jina la wakala likatokea. Karani wa posta naye hutazama namba ya S.L.P. na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku husika, bila kusoma majina ya wapangaji wote.

FAIDA YA KANZIDATA

Orodha ya maandishi matupu husomwa mstari kwa mstari kutoka juu. Ikiwa na mistari 100,000, na barua zinaingia kwa mfululizo, seva huelemewa. Kanzidata ya ufunguo na thamani huzipanga funguo kwa namna ambayo jibu hupatikana kwa hatua chache tu.

Kwa kampuni yenye anwani 20, kasi hiyo haileti tofauti ya maana. Faida yake kubwa ni usalama wakati orodha inapobadilishwa.

Katika Postfix, programu ya seva iliyobuniwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, fundi huandika orodha kwa maandishi, kisha huendesha amri ya postmap ili kuigeuza kuwa kanzidata. Akisahau amri hiyo, karani mpya atakuwa na anwani kwenye kadi yake ya biashara, lakini seva haitamtambua.

Aina ya kanzidata iliyotumika kwa miaka mingi ni Berkeley DB. Kasoro yake katika kazi hii ni kwamba postmap huandika juu ya faili lile lile linalotumika. Diski ikijaa au kazi ikikatika katikati, faili hubaki bovu na huduma ya barua inaweza kusimama.

Aina mbili nyingine huepuka hatari hiyo. CDB hujenga faili jipya kando, na likikamilika ndipo linachukua nafasi ya la zamani. LMDB, iliyoandikwa na Howard Chu wa kampuni ya Symas kwa ajili ya programu ya OpenLDAP, hukubali badiliko zima au hulikataa lote. Umeme ukikatika katikati, orodha ya awali hubaki ilivyokuwa. Postfix ilianza kuitumia LMDB katika toleo la 2.11 la mwaka 2014.

"HAKUNA" NA "SUBIRI"

Hapa ndipo penye fedha. Seva ikitafuta anwani na isiione, hujibu kwa namba 550: mtu huyo hayupo. Barua hurudi kwa mteja, naye anaweza kudhani kampuni imefungwa na kupeleka oda kwingine.

Lakini seva ikishindwa kulifungua jedwali lenyewe, hujibu kwa namba inayoanza na 4, yenye maana ya kusubiri. Seva ya mteja hushikilia barua na kujaribu tena. Postfix, isipoelekezwa vingine, huendelea kujaribu kwa siku 5. Jedwali likitengenezwa ndani ya muda huo, oda hufika ikiwa imechelewa tu.

Kwa hiyo jedwali lililopungukiwa majina ni hatari kuliko jedwali lisilofunguka kabisa. La pili huchelewesha oda. La kwanza huifukuza.

SUALA LA LESENI

Wawekezaji wadogo wana funzo jingine. Kampuni ya Oracle iliinunua Sleepycat, iliyokuwa na Berkeley DB, mwaka 2006. Mwaka 2013 ilitoa toleo jipya chini ya leseni ya AGPL, yenye masharti makali zaidi ya kuweka wazi programu zinazoitumia. Wasambazaji wengi wa Linux walibaki na toleo la zamani, na wengine wakaanza kuiacha. Mfumo wa Red Hat Enterprise Linux 10, uliotolewa mwaka 2025, hauna tena kanzidata hiyo.

Maana yake ni kwamba fundi anayehamisha seva ya zamani kwenda mfumo mpya lazima ajenge upya majedwali yote kwa aina nyingine. Programu zenyewe ni za bure, lakini muda wa fundi haupatikani bure. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti kabla ya kuhama.

MASWALI YA KUMUULIZA MTOA HUDUMA

Kabla ya kusaini mkataba, mfanyabiashara anashauriwa kuuliza: Majedwali ya anwani ni ya aina gani? Nani mwenye ruhusa ya kuyabadilisha? Nakala ya orodha ya maandishi inatunzwa wapi? Na badiliko likiharibika, itachukua saa ngapi kurudisha orodha ya awali?

Jaribio moja halina gharama kubwa. Kila anwani inapoongezwa au kuondolewa, itumwe barua kutoka nje ya kampuni kwenda kwa kila anwani ya zamani na kwa ile mpya. Barua moja itumwe pia kwa jina lisilokuwepo. Zile za kwanza zifike zote, na ya mwisho irudi. Matokeo yakiwa tofauti, fundi aitwe siku hiyo hiyo, kabla wateja hawajaanza kurudishiwa oda zao.