Kasri la uwindaji lililonusurika wezi na uchakavu

KASRI la Stupinigi, viungani mwa jiji la Turin nchini Italia, lilianza kujengwa mwaka wa 1729 ili Mfalme Vittorio Amedeo wa Pili apate pa kupumzikia akienda kuwinda. Msanifu Filippo Juvarra alilijenga kwa mtindo wa Baroko, ukumbi wa kati ukiwa na umbo la yai.

Mwaka wa 1997 lilitambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Heshima hiyo haikuwazuia wezi, ambao mnamo Februari 2004 walitoroka na samani za kale; zilipatikana mwaka uliofuata.

Baada ya ukarabati wa miaka mingi, lilifunguliwa tena 2011. Sanamu ya kulungu iliyopo kileleni ni nakala; ile ya asili imehifadhiwa ndani.