Sindano Ikiisha Kazi, Iende Wapi?

Ukienda hospitali ya Shinyanga au ya Geita, au hata zahanati ya kijijini kwako, utaona karibu na meza ya muuguzi sanduku la karatasi ngumu, la rangi ya manjano, lenye tundu dogo juu. Wengi hulipita bila kuuliza kazi yake. Yafaa kila baba na kila mama alijue sanduku hilo, maana limewekwa kulinda uhai wa watu.

Kazi yake ni moja tu: kupokea vitu vyenye ncha au makali vilivyokwisha kutumika, kama vile sindano, nyembe na visu vidogo vya kupasulia. Sindano ikitoka mwilini mwa mgonjwa huweza kubaki na damu, hata kama jicho halioni. Ikimchoma mtu mwingine yaweza kumpa homa ya ini ya aina ya B au C, au virusi vya UKIMWI. Katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, watatu hivi huambukizwa. Homa ya ini ya aina ya B yazidi sana: katika watu 100 wasiochanjwa, wapata 6 hata 30 huweza kuambukizwa. Tena kijidudu chake huweza kuishi siku 7 nje ya mwili.

Je, ni nani huchomwa? Si yule mwenye kudunga peke yake. Huchomwa pia mfagiaji anayezoa taka, mfuaji anayekusanya mashuka, na mtoto anayecheza jalalani, nao hawakuigusa kazi ile. Ndiyo sababu hospitalini iko amri hii: aliyeitumia sindano ndiye aitupe, palepale, asimwachie mwenzake. Asiirudishie kifuniko, maana hapo wengi hujichoma vidole, wala asiipinde. Sanduku likijaa robo tatu lifungwe, lisishindiliwe wala kufunguliwa tena, lipelekwe kuchomwa katika tanuru, na majivu yafukiwe shimoni.

Wazee wetu wanazikumbuka sindano za kioo, zilizochemshwa na kutumiwa tena. Zilifaa zilipochemshwa vizuri. Lakini uzembe katika jambo hili huua. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Kongo, iliyoitwa Zaire siku zile, zilitolewa sindano 5 tu kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja zilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha akadungwa mwingine. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia, sindano zile ziliueneza. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa, pamoja na masista na wauguzi wa hospitali hiyo.

Lakini sindano haziko hospitalini tu. Ziko zizini, kwa wanaodunga ng'ombe wao. Ziko nyumbani kwa mgonjwa wa kisukari. Basi shikeni haya:

1. Kabla ya kudungwa, tazama sindano mpya ikifunguliwa mbele yako. Kuuliza si utovu wa adabu.

2. Machimboni, mtu asiye mganga wa hospitali akikuambia atakudunga hemani mwake, mkatalie. Wala usimlazimishe daktari akupe sindano. Dawa ya kumeza mara nyingi yatosha.

3. Sindano ya nyumbani au ya ng'ombe isitupwe jalalani wala chooni. Itie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto. Sindano za mgonjwa zirudishwe zahanati. Kwa zile za ng'ombe, mwulize bwana mifugo.

4. Wafundisheni watoto: wakiona sindano chini wasiiguse, wamwite mtu mzima. Bomba la sindano si mchezo wa kurushia maji.

5. Ukichomwa, usikamue kidonda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda hospitali siku ileile. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Humezwa siku 28. Aibu isikucheleweshe.

Watoto wachanga nchini Tanzania walianza kupewa chanjo ya homa ya ini ya aina ya B mwaka 2002, katika chanjo zao za kawaida. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuipata. Waulize hospitalini, hasa wale wenye kazi ya kuuguza wagonjwa au kuzoa taka.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Lakini ajali hii inayo kinga, nayo ni sanduku la karatasi na mkono wa mtu anayemfikiria yule atakayefagia baada yake.