Unasafiri kwa ndege na paka? Anza na chanjo, si tiketi

Mama mmoja alikuja kliniki yangu jijini Nairobi akiwa na binti yake wa miaka minane. Hakuna kati yao aliyekuwa mgonjwa. Alitaka nimwandikie tembe za usingizi, na nilipomwuliza ni za nani, aliinamisha kichwa akacheka. Zilikuwa za paka. Jamaa hiyo ilikuwa ikihamia Ujerumani baada ya majuma matatu, na shirika la ndege lilikuwa limekubali paka asafiri pamoja na abiria, chini ya kiti, mradi atulie ndani ya mfuko wake.

Nilimwambia mambo mawili ambayo hayakumfurahisha. Kwanza, singempa tembe hizo. Pili, hata paka akitulia kama jiwe, hangeruhusiwa kuingia Ujerumani kwa muda uliobaki. Mtoto akaanza kulia.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali kama hayo mara kadhaa. Watu wengi wa mijini hufuga paka au mbwa wadogo na kuwahesabu kama watu wa nyumbani. Basi tuyaangalie mambo hayo moja baada ya jingine.

Hatari ya dawa za usingizi

Ndege ikiwa angani, hewa iliyomo ndani yake huwa nyepesi kama ya mahali palipo mita 2,400 hivi juu ya bahari. Mkazi wa Limuru amezoea kitu kilicho karibu na hicho. Mnyama mwenye afya njema pia huvumilia. Lakini dawa ya usingizi hupunguza nguvu ya kupumua na kushusha shinikizo la damu. Tena mnyama aliyeleweshwa hawezi kujigeuza ili apate hewa, wala kujipoza mwili joto likizidi. Ndiyo maana madaktari wa mifugo kwa kawaida hukataa kumlaza mnyama kwa dawa kabla ya safari ya ndege.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa wanyama wenye pua bapa, kama vile paka wa Kiajemi na mbwa aina ya pug au bulldog, kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba tangu kuzaliwa. Mnamo Machi 2018, bulldog wa Kifaransa mwenye umri wa miezi kumi alikufa katika ndege ya United Airlines iliyotoka Houston kwenda New York, baada ya mfuko wake kuwekwa katika kabati la mizigo lililo juu ya viti. Mahali pa mnyama ni chini ya kiti kilicho mbele yako, hewa ikipita. Ukiambiwa umweke juu, kataa kwa upole na useme wazi kwamba mfukoni mna kiumbe hai.

Usimpe mnyama dawa zako mwenyewe pia. Tembe moja tu ya Panadol yaweza kumwua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu lifanyavyo. Ikiwa mnyama wako ana woga mwingi, zungumza na daktari wa mifugo. Ziko dawa za kutuliza wasiwasi bila kulaza, na hizo hujaribiwa kwanza nyumbani.

Kinachosaidia kuliko dawa ni mazoea. Acha mfuko wa safari wazi sebuleni kwa majuma kadhaa, mnyama aingie na kutoka na kulala humo. Siku ya safari mpe chakula kidogo tu saa kadhaa kabla ya kuondoka, lakini usimnyime maji. Tandika ndani kitambaa chenye harufu ya nyumbani.

Kwa nini yahitajika miezi

Nchi za watu hazimwogopi paka wako. Zinaogopa kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia kwa njia ya mate, mnyama anapouma, kisha hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kutokana na mbwa. Paka naye aweza kuupata na kuuambukiza.

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya unaitaka Kenya ifuate utaratibu huu kwa mbwa na paka. Kwanza, mnyama hutiwa chini ya ngozi chipu ndogo kama punje ya mchele, yenye namba yake. Baada ya hapo huchanjwa, akiwa ametimiza majuma 12 au zaidi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukwama. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo, damu hutolewa na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, kuona kama kinga imeshika. Kisha mnyama hungoja miezi mitatu kuanzia siku ile damu ilipotolewa. Mwisho hupewa cheti cha afya na daktari wa mifugo wa serikali, siku zisizozidi kumi kabla ya kufika.

Piga hesabu mwenyewe. Anayeanza mwanzo anahitaji miezi minne au zaidi, na paka mchanga hawezi kuingia Ulaya kabla ya kutimiza miezi saba hivi. Uingereza nayo haikubali mbwa wala paka aingie kwa ndege akiwa pamoja na abiria. Hupitia sehemu ya mizigo, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia walemavu. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa aliye chini ya miezi sita.

Mashirika ya ndege pia yana masharti yake. Mengine hayaruhusu kabisa mnyama kukaa na abiria, na mengi yanayoruhusu huweka kikomo cha kilo 8 pamoja na mfuko, na idadi ndogo ya wanyama kwa kila safari. Uliza kabla ya kulipa.

Mfikirie jirani yako

Abiria wa kiti cha pili huenda ana pumu. Kinachomdhuru si manyoya yenyewe, bali protini iliyo katika mate na ngozi ya paka, ambayo huelea katika chembe ndogo mno na kunata kwenye nguo. Vichujio vya ndege kubwa hunasa sehemu kubwa ya chembe hizo, lakini si zile zilizo kitini au karibu nawe. Usimtoe paka mfukoni safarini. Jirani akilalamika, mwombe mhudumu awatenganishe. Nawe mwenye pumu, dawa yako ya kuvuta iwe mkononi, si katika sanduku lililokwenda na mizigo.

Jihadhari pia penye ukaguzi uwanjani. Hapo mnyama hutolewa, mfuko ukapitishwa peke yake katika mashine. Paka aliyeshtuka huuma na kutoroka, kwa hiyo mvishe mkanda wa kifuani wenye kamba. Akikuuma, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha umwone daktari siku hiyo hiyo. Meno ya paka ni membamba na huzamisha viini ndani sana. Mkono waweza kuvimba kabla ya kesho.

Yule mama aliondoka na binti yake bila paka. Paka alibaki kwa shangazi Nakuru, akatiwa chipu, akachanjwa, akapimwa damu na kungoja. Shangazi alimpeleka miezi mitano baadaye, macho wazi, bila tembe hata moja. Kama unafikiria kuhama mwakani, mpeleke mnyama wako kwa daktari wa mifugo juma hili. Tiketi itangoja.