Leo ya Nani?

Kuifanya tovuti iseme hili Jumatatu na lile Ijumaa ni kazi ya mistari michache ya programu. Kompyuta huulizwa leo ni siku gani, hujibu kwa namba, na namba hiyo huchagua ujumbe. Lakini wiki haihesabiwi namna moja kila mahali. JavaScript, lugha ya programu iliyozaliwa mwaka 1995 na inayotumika katika vivinjari vya intaneti, huipa Jumapili sifuri na Jumamosi sita. Kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 huanza na Jumatatu, tena kwa moja. Mswahili naye huanza Jumamosi, siku ya mosi, akahesabu hadi Jumatano, kisha akaingia Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Wiki yetu ina tano mbili na haijamkosesha mtu sokoni. Kompyuta haina uvumilivu huo. Mtengenezaji akipanga jumbe zake kuanzia Jumamosi, kama ulimi ulivyomzoesha, tovuti itatoa ujumbe wa Alhamisi siku ya Ijumaa, na itabaki nyuma siku moja wiki nzima.

Hata namba zikikaa sawa, kuna swali ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia: leo ya nani? Seva nyingi hufuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu. Kwa hiyo tangu saa sita usiku hadi saa tisa, kwetu kumeshaingia siku mpya na seva ingali jana. Atatokea wa kusema tutumie saa ya simu ya msomaji, yaishe. Haiishi. Chukua duka la Kariakoo linalofungwa Jumapili: mteja aliyeko Toronto akilitazama Jumamosi saa mbili usiku, simu yake itamwambia duka liko wazi, ilhali Kariakoo ni Jumapili alfajiri. Saa za kazi zifuate saa ya duka. Salamu ifuate saa ya anayesalimiwa. Hata hapo, kumtakia mapumziko mema kila mtu Jumamosi na Jumapili ni kukisia tu, kwani Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013.

Wapo wanaoona yote haya ni mbwembwe, kwamba jedwali la siku saba lingetosha. Kwa saa za kufungua nakubaliana nao, na jedwali ningeliacha hapo hapo hata kama ujumbe wa siku upo. Ila mgonjwa anayetafuta kliniki ya macho usiku hataki kusoma safu saba. Anataka kujua kama kesho asubuhi daktari yupo.