Gitaa linapopewa zamu ya kusema

Jumapili asubuhi mjini Kitengela gitaa halikosekani. Makanisa yaliyojipanga kando ya barabara ya Namanga na ndani ya mitaa, mengine ya mawe, mengine ya mabati, mengine hema tupu, yana spika, kinanda, ngoma na kijana mwenye gitaa aliyesimama hatua moja nyuma ya waimbaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye sehemu za nyama choma, mwanamuziki wa mugithi alikuwa peke yake jukwaani na gitaa lake, akisaidiwa na mashine ya midundo, akiimba mpaka wateja wa mwisho walipoinuka. Huku na huko sharti ni moja, ingawa hakuna aliyeliandika: gitaa lipo kwa ajili ya wimbo. Anayelipiga bila kuimba, wala kumpigia anayeimba, huulizwa wimbo unaanza lini.

Swali hilo halina dharau ndani yake, hasa hapa katika kaunti ya Kajiado. Muziki wa asili wa Wamaasai ni wa koo na pumzi. Olaranyani huanzisha wimbo, wenzake wakampokea kwa sauti nzito zinazopandana, kila kundi likishika sehemu yake bila kuiachia. Hawapigi ngoma, wala zeze, wala marimba. Pembe ya tandala hupulizwa katika sherehe kubwa kama eunoto, morani wanapopanda daraja; mbali na hapo, mdundo hutoka vifuani, katika miguu inayoruka, na katika mapambo ya wanawake yanayotikisika mabegani. Wimbo wa namna hiyo hauna pengo linalosubiri ala ije ilizibe. Waitikiaji wenyewe ndio gitaa.

Kisha mji ukafurika. Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela ikiwa na watu zaidi ya 150,000, wengi wao wahamiaji kutoka pande zote za Kenya waliofuata viwanja, viwanda vya Athi River na ukaribu wa Nairobi. Kila kundi lilikuja na masikio yake: Waluo na benga yao, Wakamba na yao, Wakikuyu na mugithi, Waluhya na omutibo. Watoto wao sasa wanajifunza gitaa katika makanisa, shuleni na kwenye simu, na wengi huanzia pale pale: kodi tatu au nne, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, mkono wa kulia ukiparaza nyuzi juu na chini huku mtu akiimba. Wachache wanaotaka zaidi hupelekwa upande wa pili kabisa, kwenye vipande vya gitaa pekee vya Ulaya, ambavyo ndivyo vimetawala mitihani ya kimataifa ya muziki kwa miaka mingi. Mwanafunzi hulazimika kuchagua kati ya kusindikiza na kupiga peke yake kana kwamba hizo ni kazi mbili zisizojuana.

Wakongwe wa ukanda huu hawakuligawa gitaa hivyo. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Katanga. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, na miongoni mwa rekodi hizo kikatoka kipande cha Masanga. Wapiga gitaa wa mabara mengine bado wanakipiga leo bila kuimba neno. Mwenda alitumia vidole viwili: gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi na mwendo, likirudi palepale bila kuchoka. Cha shahada kilichukua sauti za juu, kikaimba. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alipokaa kuandika kwa noti mambo ya Mwenda, katika jarida la African Music la mwaka 1961 na 1962, alionyesha ni ufundi mkubwa kiasi gani ulikuwa ndani ya mikono ya mtu ambaye wengi walimjua kama mwimbaji wa nyimbo za Kiswahili.

Tazama basi mkono huo. Gumba ni msindikizaji, kidole cha shahada ni mwimbaji, na wote wawili wanatoka kwenye kiganja kimoja. Mwenda alipofungua kinywa, kidole cha shahada kilipunguza maneno. Alipokifunga, kilichukua ubeti. Gitaa lake lilikuwa mtu wa pili ndani ya wimbo, lenye zamu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi, na Mkatanga mwenzake Edouard Masengo naye akaja, wakifanya matangazo ya biashara. Vijana wa Kenya waliwasikia redioni na kwenye santuri. Magharibi mwa nchi George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, tayari alikuwa ameuleta mtindo huo wa gitaa kavu kwenye midundo ya kwao, mwenzake akigonga na kukwaruza chupa ya Fanta pembeni. Msikilize Mukabi kwa makini. Anaimba mistari michache, ananyamaza, na gitaa linarudia alichosema kwa namna yake. Ukimwondoa Mukabi, gitaa litabaki na wimbo mzima. Ukiliondoa gitaa, Mukabi atabaki na nusu.

Bendi za umeme zilipokuja, kazi ya mkono mmoja iligawiwa watu watatu au wanne: gitaa la solo, la rithimu na la besi, na mara nyingine solo ya pili. Benga ilitunza mazungumzo yale yale. D.O. Misiani wa Shirati Jazz aliweka mashairi yake mwanzoni, kisha sauti zikakaa kando na gitaa la solo likapanda hadi kileleni, mahali ambapo wachezaji walikuwa wakipangojea tangu mwanzo. Sikio la Mluo lilikuwa limezoezwa zamani na nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo mpigaji wake huimba, hudonoa na kugonga mdundo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, yote kwa wakati mmoja. Kutoka Kongo nako tulipata sebene, ile sehemu ambayo waimbaji huacha mashairi na magitaa yakashika usukani. Mcheza rumba yeyote anajua kwamba sebene ndiyo inayojaza ukumbi.

Tuna pia mfano wa upande wa pili, wa gitaa lisilopanda kileleni na bado likaubeba wimbo. Barabara inayopita katikati ya Kitengela na Kajiado hukata mpaka Namanga na kufika Arusha, mji ambako ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga waliishi kabla ya kuja kuwa bendi ya Simba Wanyika nchini Kenya. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, na muda si mrefu wakatoa Sina Makosa. Wimbo huo hutambulika kabla mtu hajaimba. Rithimu ya Omar Shabani inaingia, na harusi nzima inainuka. Hiyo ni kazi ya kusindikiza, lakini haina unyonge wowote: ina umbo lake, unaweza kuipiga mluzi, na inamwachia mwimbaji nafasi ya kupita.

Tofauti kati ya msindikizaji huyo na kijana anayeparaza nyuzi kanisani ni ya kiufundi, na inafundishika. Nyuzi sita za gitaa zikiachwa wazi hutoa sauti kuanzia takriban hezi 82 hadi 330. Sauti ya mwanamume anayeimba hukaa humo humo kwa sehemu kubwa. Kijana anapoparaza nyuzi zote sita mfululizo, kwa nguvu moja, anamkanyaga mwimbaji mahali pale pale anaposimama, kisha fundi wa sauti anaongeza spika na kila mtu anapiga kelele. Msindikizaji mzuri hufanya mambo matatu rahisi. Hushuka chini ya mwimbaji kwa besi, au hupanda juu yake kwa nyuzi nyembamba. Hubana kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye shingo ya gitaa ili wimbo ufuate koo la mwimbaji, badala ya mwimbaji kujikakamua kufuata kodi ambazo mpigaji anazimudu. Na hujibu pale mwimbaji anapovuta pumzi, si pale anapotamka.

Mtu hujifunzaje mahali pa kujibu? Kwa kupiga peke yake. Hapa ndipo walimu wengi wanapotazama upande usio sahihi, wakidhani solo ni maonyesho ya kasi kwa wale waliokwisha kuhitimu. Anayepiga wimbo mzima bila mwimbaji hana maneno ya kumwokoa. Besi ni yake, sauti za kati ni zake, na tuni ni yake. Lazima ajue ni noti gani inabeba neno zito na ni ipi ya kupita tu, ama sivyo msikilizaji atapotea katikati. Andrés Segovia, Mhispania aliyeishi kuanzia 1893 hadi 1987, alitumia maisha yake kuwathibitishia watu wa kumbi za Ulaya kwamba gitaa linaweza kusimama peke yake mbele ya hadhira. Mwenda na Mukabi walithibitisha jambo lilo hilo barazani, na hawakuhitaji kumfukuza mwimbaji ili kulithibitisha.

Kwa hadhira ya Kitengela mpigaji pekee ana msaada ambao Segovia hakuupata. Piga wimbo wa Malaika polepole, tuni juu na besi chini, na kufikia mstari wa pili watu watakuwa wanaimba wenyewe mezani. Mtu wa mugithi anaujua ujanja huo. Mara nyingi huacha kuimba makusudi ili wateja wamalizie. Anayetaka watu wa hapa wasikilize gitaa lisilo na mwimbaji aanzie kwenye nyimbo ambazo tayari zimo vinywani mwao. Vipande vya kigeni vitafuata, na vitasikilizwa vizuri zaidi.

Wimbo wa Kimaa unadai adabu nyingine. Siku hizi nyimbo za injili za Kimaa zinapigwa na vinanda na magitaa, na kishawishi cha mpigaji ni kuzifungia ndani ya kodi tatu alizozizoea. Lakini waitikiaji wamekwisha kutoa sauti za chini na za kati. Zikijazwa tena, wimbo unakuwa mzito kama uji uliozidi unga. Na kundi likichangamka, sauti huweza kupanda kidogo kidogo, gitaa likabaki chini likipingana nalo. Busara ni kupiga kidogo: uzi mmoja wa besi ulioshikilia mahali ambapo waitikiaji wanarudi, na jibu fupi juu, baada ya olaranyani kumaliza kuita. Mpigaji aliyekwisha kuipiga tuni hiyo peke yake nyumbani, akaujua mwanya wake uko wapi, hatahitaji kuelezwa.

Pingamizi la kweli ni la mfuko. Kanisa linahitaji mtu wa kupiga Jumapili hii, na kodi tatu hujifunzwa kwa wiki chache. Kuimbisha uzi kwa kidole cha shahada huchukua miezi na miezi. Wapigaji wengi wa makanisani hujitolea. Anayelipwa akilipwa, jina linalobandikwa kwenye tangazo ni la mwimbaji. Hata Shabani, aliyetupa mojawapo ya rithimu zinazotambulika zaidi Afrika Mashariki, hajulikani kwa jina na nusu ya wanaomcheza. Hata hivyo mlango wa kipato haujafungwa. Hoteli na karamu za harusi zinahitaji muziki ambao wageni wanaweza kuzungumza huku ukiendelea, na hapo gitaa moja linalojitosheleza ni nafuu kuliko bendi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inatambua haki za mtumbuizaji katika rekodi, na mtumbuizaji ni pamoja na aliyepiga ala.

Kwa hiyo mpangilio wa masomo ungeweza kugeuzwa bila gharama yoyote. Mtoto aimbe wimbo anaoujua, kisha autafute kwenye uzi mmoja mpaka aupate. Aongeze gumba, besi mbili tu, zinazobadilishana. Aupige wimbo huo bila kuimba, mpaka mtu wa chumba cha pili autambue. Kodi zije baada ya hapo, zikimkuta tayari ana tuni sikioni, na atakapomsindikiza mwimbaji atajua anachomwachia na kwa nini.

Viongozi wa kwaya na bendi wana sehemu yao. Wimbo wa beti nne unaweza kutoa ubeti mmoja kwa gitaa, si kwa ajili ya kujaza muda waimbaji wanapojipanga, bali kwa sababu gitaa lina la kusema kuhusu wimbo huo. Na mshereheshaji akifika kwenye majina ya walioimba, ataje pia la aliyepiga.