Mgongo Uliopinda: Sehemu ya Pili, Tabibu wa Kumasi

Juma lililopita tulieleza jinsi kifua kikuu, ambacho wengi hapa Kakamega hukidhania kuwa ni maradhi ya mapafu peke yake, kinavyoweza kuzitafuna pingili za uti wa mgongo hata zikabomoka kwa mbele na mtu akatoka kibiongo. Wapo wasemao karogwa. Sitajibizana nao leo. Leo tumtazame mtu aliyeutoa umri wake kuinyosha migongo ya namna hiyo, naye ni Daktari Oheneba Boachie-Adjei, mzaliwa wa Kumasi katika nchi ya Ghana.

Alikwenda Marekani mwaka 1972, akahitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1980, na baada ya miaka mingi ya kupasua na kutafiti katika Hospital for Special Surgery ya New York, wataalamu wenziwe wa ulimwengu wakamfanya rais wa chama chao, Scoliosis Research Society. Aliyefikia daraja hiyo aghalabu hustarehe. Yeye mwaka 1998 aliasisi shirika la FOCOS ili awatibu watu wa kwao, na mwaka 2012 hospitali ya shirika hilo ikafunguliwa Pantang, karibu na Accra. Huko ndiko Daktari Rick Hodes, Mmarekani aliyefanya maskani Addis Ababa, anakowapeleka wagonjwa wake wa Kihabeshi, wakalivuka bara zima kutafuta mkono wa mpasuaji.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mfupa wa mtoto hukubali kunyoshwa, lakini wa mtu mzima umekwisha kukakamaa, na pengine pingili zimegandamana zikawa kitu kimoja. Basi kabla ya kisu, mgonjwa aliyepinda mno hufungwa pete ya chuma kichwani kwa skrubu zishikazo fuvu, na kamba ipitayo juu ya kapi ikamvuta kwa mawe ya mizani yanayoongezwa kidogo kidogo, hata pengine yakaribie nusu ya uzito wake, naye akae hivyo kwa majuma, akila, akizungumza na kutembea. Ndipo mfupa hukatwa, ukaungwa kwa skrubu na vyuma virefu. Khofu kubwa ni ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, kwani ikidhurika miguu hufa. Kwa sababu hiyo wapasuaji walizoea kumzindua mgonjwa katikati ya operesheni, mgongo ungali wazi, wakamwambia achezeshe vidole vya miguu, kisha wakamlaza tena.

Namsifu tabibu huyu bila ya kusita, walakini sioni fahari kwa nchi kungoja hata mtu wake ahitaji kufungwa pete. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza miaka ya 1960 huko Korea na Bulawayo, yalithibitisha kwamba wengi wa wenye kifua kikuu cha mgongo hupona kwa dawa tu, wakizimeza huku wakienda na miguu yao, pasipo kulazwa miezi wala kuvishwa plasta. Dawa hizo katika hospitali za serikali ya Kenya hutolewa bure. Basi msomaji, ukimwona mtu nyumbani mwako mgongo unamuuma wiki kwa wiki, usiku anatoka jasho na mwili unapungua, usimkande mafuta ukanyamaza: mpeleke apimwe mgongo ungali umenyoka.