Je, Kigeuzi cha Sauti cha Bei Kubwa Kina Faida kwa Mfanyakazi?



Mwenzetu mmoja wa chumba cha kufuma alikuja kuomba mkopo katika sanduku letu la kusaidiana. Karani wa sanduku alimwuliza sababu, kama anavyomwuliza kila mtu. Wengine hutaja mabati, wengine karo za watoto, wengine mgonjwa aliyelazwa. Yeye alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye picha ya kisanduku cheusi cha chuma, ukubwa wake sawa na kitabu cha sala. Chini ya picha iliandikwa bei: dola 1,300.

Tunamfahamu mzee huyu. Hapotezi mshahara wake kilabuni. Starehe yake ni muziki: rumba za Kinshasa, taarabu za pwani na ngoma zetu za nyumbani. Alitueleza hivi: "Muziki siku hizi umefifia. Nausikia kama mtu anayeimba chini ya blanketi. Muuzaji mjini amenihakikishia kwamba kigeuzi kilichomo ndani ya simu yangu ni kibovu, na dawa yake ni hiki."

Halmashauri haikumkatalia wala haikumkubalia. Ilituagiza sisi wa gazeti tulichunguze jambo lenyewe, kwa kuwa si yeye peke yake anayeshawishika. Vijana wengi wa Buyenzi na Bwiza wanavizungumza vyombo hivi, na ndugu walioko Ulaya na Uarabuni wanatuma picha zake. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza tueleze chombo hiki kinafanya kazi gani. Wauzaji wanakiita DAC. Sisi tutakiita kigeuzi. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura watakielewa upesi kuliko sisi wa viwandani. Mchumaji huleta kikapu chake kwenye mizani, karani anapima na kuandika tarakimu daftarini. Tarakimu ile si majani, lakini mwisho wa mwezi ndiyo inayogeuzwa kuwa fedha. Muziki wa siku hizi umehifadhiwa namna hiyo hiyo. Sauti inayoingia katika maikrofoni inakuwa umeme unaopanda na kushuka. Umeme ule unapimwa, kila kipimo kinaandikwa kama tarakimu. Katika sidii, ambazo makampuni ya Sony na Philips yalianza kuziuza mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa kila sekunde moja. Kigeuzi ni yule karani wa mwisho wa mwezi: anasoma daftari na kurudisha umeme kama ulivyokuwa, ili spika iupige hewani.

Basi swali ni hili: je, karani wa bei kubwa analipa haki zaidi kuliko karani wa bei ndogo?

Idadi ile ya 44,100 haikuchaguliwa ovyo. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kuanzia kama 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde. Hesabu za wataalamu wa simu na redio zilithibitisha zamani kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, hakuna kinachopotea chini ya kiwango hicho. Si kweli kwamba kati ya kipimo na kipimo kuna pengo ambalo chombo cha ghali kitalijaza. Maneno hayo tuliyasikia dukani kwa masikio yetu.

Kuna na suala la usahihi wa mizani. Mizani ya sidii ina alama 65,536. Vyombo vipya vinajivunia alama zaidi ya milioni 16. Turudi shambani. Kama kikapu ni cha kilo 20, mizani ya kwanza hutambua theluthi moja ya gramu. Ile ya pili hutambua miligramu moja na kidogo. Je, mchumaji atapata nini zaidi, na majani yenyewe yana umande? Mizani ya sidii inaweza kubeba tofauti ya desibeli zipatazo 96 kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa. Chumba cha nyumba zetu, hata usiku watoto wakiwa wamelala, kina uvumi wake: mbwa, pikipiki, jirani, mvua juu ya bati. Sauti ndogo kabisa iliyomo katika tarakimu inamezwa na uvumi huo kabla haijafika sikioni.

Zaidi ya hayo, moyo wa kigeuzi ni chipu ndogo kuliko ukucha. Makampuni machache tu ulimwenguni yanajulikana kwa chipu hizo, kama ESS ya Marekani na Asahi Kasei ya Japani. Mwezi wa Oktoba 2020 kiwanda cha Asahi Kasei kule Nobeoka kiliungua moto, na watengenezaji wa vigeuzi nchi nyingi, wa rahisi kwa wa ghali, wakahangaika pamoja kutafuta chipu. Wapo wanaojitengenezea mizunguko yao wenyewe, kama dCS ya Uingereza, ambao chombo chao cha juu kimeuzwa zaidi ya dola 30,000. Lakini vingi vya bei ya kati vina chipu ambayo yenyewe haifikii dola 100. Zinazobaki ni fedha za sanduku la chuma, za matangazo na za faida. Kwa upande mwingine, Apple wanauza kijiwaya cha kuunganisha simu na visikilizio kwa dola 9 huko Marekani, nacho kina kigeuzi kamili ndani yake. Waliokipima kwa mitambo wamekuta makosa yake yako chini ya yale ambayo sikio linaweza kuyatambua.

Tusije tukasemwa kwamba tunapinga kila kitu cha ghali kwa sababu hatuna fedha. Wataalamu wamelijaribu jambo hili. Mwaka 2007, Meyer na Moran walichapisha majaribio yao huko Marekani: watu walisikiliza rekodi za ubora wa juu, mara zikipita moja kwa moja, mara zikipunguzwa kuwa za kiwango cha sidii, bila kujua ipi ni ipi. Katika majaribio 554, walipatia 276. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya watu mbalimbali, akaona jumla yao walipatia asilimia 52.3, na waliofundishwa kwanza namna ya kusikiliza walikaribia asilimia 60. Kwa hiyo kitu kidogo huenda kipo, kwa sikio lililofunzwa, mahali pa kimya. Mtu anayerekodi muziki studioni ana haki ya kununua chombo kizuri, kama seremala anavyonunua randa nzuri. Na kama kompyuta yako ya zamani inatoa mchakacho kwenye visikilizio, kigeuzi kidogo cha nje kitakusaidia kweli. Lakini cha dola 9 au 50 kitatosha.

Tulitaka kujionea wenyewe. Fundi redio mmoja wa Buyenzi alitukaribisha nyumbani kwake Jumapili. Muuzaji, kwa heshima yake, alikubali kutuazima kile kisanduku kwa alasiri moja. Fundi alitundika kitenge mbele ya meza, nyuma yake akaweka kisanduku na kijiwaya cha rahisi, vyote vikiingia katika kikuza sauti kimoja na spika zile zile. Kabla ya yote alichukua mita yake ya umeme, akacheza mlio mmoja, akapima volti za kila chombo. Cha ghali kilitoa nguvu zaidi kidogo. "Hapa ndipo watu wanapouziwa," alisema. Sauti iliyozidi kidogo tu, sikio huiona nzuri zaidi, wala halijui kwamba limeongezewa nguvu tu. Alizisawazisha, ndipo tukaanza.

Rumba zilichezwa, taarabu ikachezwa. Wakati pazia lilipokuwa wazi, wote tulisifu kisanduku cheusi. Pazia lilipofungwa, tukaanza kubishana, na aliyeshika kalamu akaona wazi kwamba tunabahatisha. Hata sisi tunaoandika haya tulikosea, tena kwa kujiamini.

Kisha mzee wetu aliomba ngoma. Fundi alikuwa na rekodi ya Ocora ya Ufaransa, iliyorekodiwa hapa Burundi mwaka 1967 na kutolewa mwaka uliofuata. Wengi hawajui safari ya ngoma zile. Zilichukuliwa zikatiwa piano na magitaa, zikauzwa Uingereza mwaka 1971 kwa jina la "Burundi Black". Joni Mitchell alizitumia mwaka 1975 katika wimbo wake "The Jungle Line". Baadaye bendi za vijana wa London zikajipatia jina kwa mapigo hayo hayo. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 1981 kwamba waliozipiga hawakugawiwa faida. Sisi wa sendika hatuwezi kulipita jambo hilo kimya, ijapokuwa si mada yetu leo. Tulilokusudia kusema ni kwamba ngoma ilitoka nyembamba kwa vigeuzi vyote viwili. Aliyesimama Gishora mbele ya wapigaji anajua kwamba ngoma hupigwa kifuani kwake. Spika ya inchi nne haina uwezo huo, uipe kigeuzi cha bei yoyote utakayo. Tofauti ya spika na spika huhitaji pazia la aina gani? Hata mtoto aliyekuwa mlangoni aliisikia fundi alipobadilisha zile ndogo akaunganisha kubwa zake za zamani.

Tukadhani kazi imekwisha. Lakini fundi alicheza milio mitupu, mmoja mmoja, akipanda juu, na kila mtu aliinua mkono alipokuwa akisikia. Kwenye mitetemo 1,000 mikono yote ilikuwa juu. Kwenye 4,000, mzee wetu wa chumba cha kufuma alikuwa ameshusha mkono wake, akitutazama sisi tulioinua. Fundi aliongeza sauti hata mtoto akaziba masikio, ndipo mzee akasikia. Kwenye 8,000 hakuinua kabisa. Alifikiri tunamfanyia mzaha.

Hapo tulielewa blanketi lililofunika muziki wake. Kelele za viwandani huanza kuharibu sikio karibu na mitetemo 4,000, mahali ambapo konsonanti za maneno na mlio wa gitaa hukaa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inashauri mtu asikae zaidi ya saa 8 katika kelele ya desibeli 85, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda upunguzwe nusu. Kwenye desibeli 94 ni saa 1. Kwenye 100 ni dakika 15. Mitambo ya kufuma mara nyingi hupita desibeli 90, na mzee huyu amesimama kati yake zamu nzima, miaka na miaka. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviRudi, wala hakuna kisanduku cha kuvirudisha.

Mkataba nambari 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unasema kelele zipunguzwe kwenye mtambo wenyewe kwanza. Isipowezekana, mwajiri ndiye atoe vifaa vya kukinga masikio na kuvitunza, na asimlazimishe mtu kufanya kazi bila hivyo. Vizibo vya sponji ni vya bei ndogo mno. Tukumbuke pia kwamba amri ya mwaka 1988 iliweka kima cha chini cha mshahara faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na 105 mahali pengine, ikakaa hivyo zaidi ya miaka 30. Hata anayelipwa mara nyingi zaidi ya hapo, dola 1,300 kwake ni miaka ya maisha.

Kisanduku kilirudishwa dukani jioni ile ile. Halmashauri imeandika suala la vizibo vya masikio kuwa la kwanza katika mkutano ujao na uongozi wa kiwanda, na wenzetu wa chumba cha kufuma wameombwa kuleta majina ya wote wanaosikia mvumo masikioni baada ya zamu. Mzee wetu naye hakuondoa ombi lake la mkopo. Alifuta neno "kigeuzi", akaandika juu yake kwa mkono wake: spika mbili zilizokwisha tumika, na ada ya daktari wa masikio.